Daftari Zangu za Karatasi za Mifukoni

Ninyi vijana mnaofua na kupiga pasi hapa Kindu mmeniomba mara nyingi niwaeleze jinsi kazi yetu ilivyokuwa, na kila mara niliwajibu kwamba nina nguo mkononi. Sasa sina. Nimeteremsha rafu, nimelifunga banda langu la mtaa wa Mikelenge, na mikono yangu imeanza kukauka, jambo ambalo sikutarajia kuliona nikiwa hai. Mimi sikukalia benchi la shule hata siku moja. Maneno haya ninamtamkia mjukuu wangu Fatuma, na nimemkataza kuyapamba. Tukimaliza kila sehemu ananisomea, na neno lisilo langu ninalitambua kama ninavyotambua kola iliyofuliwa na mtu mwingine.

Sitaeleza nilichopata katika kazi hii. Nitaeleza kazi yenyewe, na kwa kuwa tangu zamani mnanicheka kwa sababu ya zile daftari, nitazieleza nazo.

Aliyenifundisha ni Fundi Athumani, mtu mfupi, mkali, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekunjamana daima kama vya mtoto aliyesahauliwa majini. Siku ya kwanza alinipa suruali ya mteja akaniuliza:

"Unaanzia wapi?"

"Mu maji, Fundi."

Akanichapa shingoni kwa mkono wa shati lililolowa. "Unaanzia mu mufuko! Mukono mbele, maji nyuma."

Nikatia mkono mfukoni. Nikatoa nusu ya kokwa ya kola ya kutafuna, msumari, na jino la mtu. Mwenye jino alirudi siku hiyo hiyo, amefunika mdomo kwa kiganja. Kokwa hakuiulizia.

Sheria ya pili niliipata siku ya tatu, tulipokuta barua iliyokunjwa ndani ya koti. Fundi aliishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika mkia wa panya. "Dobi hasomi," akasema. "Kilichoandikwa njo siri ya mwenye nguo." Nikamwambia mimi sijui kusoma hata nikitaka. Akanitazama kwa mara ya kwanza kwa upendo. "Basi ulizaliwa dobi."

Kwa kuwa sote wawili hatukujua kuandika, tulizitambua nguo kwa uzi. Kila mteja alikuwa na rangi yake na idadi yake ya vifundo, na tulimshonea alama hiyo ndani ya upindo, mahali asipopaona. Mwalimu fulani alikuwa mweusi wa vifundo viwili. Mke wa muuza chumvi, mwekundu wa kifundo kimoja kikubwa. Ninyi mnaandika majina kwenye vibandiko, vibandiko vinayeyuka, kisha mnagombana na watu barabarani. Mimi nilitunza zaidi ya wateja mia tatu kichwani, na shati la mtu halikuvaliwa na jirani yake hata mara moja.

Kola za mashati tulizikaza kwa wanga wa muhogo: unachekecha unga mwembamba, unaukoroga katika maji baridi, kisha unamimina maji ya moto kidogo kidogo hadi uone rangi ya ukucha. Nawaomba muushike wanga huu akilini, kwa sababu ndio ulionipoteza.

Watu husahau karatasi mifukoni. Nilizirudisha zote, na wengi walisema, "Tupa tu, Muzee." Siku moja mtu wa Kalima aliniambia nitupe karatasi ya majani ya chai. Ilikuwa na mlima wa kijani, na chini ya mlima mwanamke aliyebeba kapu, mdogo kama punje ya mchele, lakini aliyemchora alikuwa amempa hereni. Nilisimama na karatasi ile mpaka makaa ya pasi yakapoa. Mahali nisipopajua, mtu ameketi, amefikiria masikio ya mwanamke asiyezidi punje ya mchele, kisha kazi yake yote ikafungiwa chai na kuamriwa itupwe. Nilishindwa kuitupa. Nikaikung'uta, nikaipiga pasi, nikachovya kidole katika wanga wa kola za watu, nikaibandika katika daftari kubwa la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amehama. Pembeni nikaishonea uzi wa yule mtu wa Kalima, ili akibadili nia aikute.

Hakubadili. Lakini mimi nilikwisha potea.

Nilibandika karatasi za biskuti, tiketi za treni, vibandiko vya makopo, kurasa za kalenda zenye milima iliyofunikwa na kitu cheupe ambacho Fatuma anasema ni maji yaliyoganda, nami bado ninalifikiria jambo hilo. Kama karatasi ilikuwa na maandishi ya mkono upande mmoja na picha upande wa pili, niliyabandika maandishi uso chini. Hapo nilijiona mtu mwenye adabu kubwa: picha ni ya macho ya wote, maandishi ni siri ya mwenyewe. Fundi Athumani alizitazama kurasa zangu akatikisa kichwa. Alisema hajaona mtu anayepiga pasi karatasi ya peremende kabla ya suruali ya mteja anayesubiri mlangoni akiwa amejifunga taulo. Alisema kweli. Mteja alikuwepo.

Katika harusi moja nilisimama nyuma ya mgeni aliyekuwa akila biskuti ambazo karatasi yake sikuwa nayo. Nilisimama muda mrefu. Mwishowe akageuka, akaona uso wangu, akanipa biskuti zote kwa huruma.

"Kula, baba. Njaa haina haya."

Nikamrudishia biskuti, nikabaki na karatasi. Mke wangu, Mama Saidi, alihamia mkeka wa wageni wengine.

Adui wa daftari zangu alikuwa mende. Mende wa Kindu hupenda wanga wa muhogo kuliko watoto wanavyopenda sukari, na mwaka mmoja walinila treni nzima pamoja na nusu ya mlima. Nikatafakari, nikasaga pilipili kavu, nikaichanganya katika wanga wa kubandikia. Mende wakahama. Lakini sufuria zilikuwa mbili na zilifanana, na asubuhi ya sherehe ya shule nilimkazia prefe, mkuu wa shule, kola yake kwa wanga wa sufuria isiyo yake. Jua lilipopanda, naye akaanza kutoka jasho, wanafunzi walimwona akihutubia huku akizungusha shingo kama bundi. Aliimaliza hotuba yote, kwa maana alikuwa mtu imara. Kisha akaja moja kwa moja bandani, kola mkononi, shingo nyekundu kama ya jogoo.

"Dobi! Umenifulia ao umenipika?"

Sikucheka. Sina desturi ya kucheka mbele ya mteja. Nilimfulia bure msimu mzima, na tangu siku ile sufuria ya pilipili niliifunga kamba shingoni.

Kisha vita vikaja, na mji ukafungwa. Treni ikakoma. Barabara zikakoma. Aliyekwenda shambani hakujua kama atarudi. Sabuni ilipokwisha tulifua kwa majivu na majani ya mpapai, na ninawaambia ninyi wenye sabuni za unga kwamba jani la mpapai likisuguliwa kwa subira hutoa damu ambayo sabuni zenu huieneza tu. Damu ilikuwepo nguoni. Niliitoa, nikazirudisha nguo, sikuuliza. Mikono ilitangulia mifukoni kama kawaida, ila sasa nilizikuta barua zilizolowa, picha za watoto, na mara moja punje tano za mahindi zilizofungwa katika kitambaa kwa uangalifu mkubwa. Punje zile nilimrudishia mwenyewe mbele ya mashahidi.

Siku moja kamanda mmoja aliingia bandani na watu wake wanne, akaziona daftari.

"Hii nini?"

"Ni karatasi, Mukubwa."

"Na huu uzi? Vifundo viwili, vifundo vinne. Unahesabia nani askari?"

Nilielewa kwamba ninaweza kufa kwa sababu ya karatasi za biskuti, na nilifikiri jinsi Mama Saidi atakavyosema, "Nilimwambia." Kamanda akaketi, akafungua ukurasa, akausogeza karibu na pua. Akapiga chafya. Akafungua mwingine, akapiga chafya tatu. Watu wake wakainua bunduki, wakidhani ni sumu. Yeye akawaonyesha kwa mkono watulie, machozi yakimtoka, akaendelea kufunua. Alipofika penye kopo la maziwa lenye ng'ombe mweupe akaacha kufunua. Akasema kwao walikuwa nayo maziwa hayo, juu ya kabati, mama yake alipenda kopo lakini hakupenda maziwa. Kisha akafungua mfuko wa kifua, akatoa karatasi ya peremende, ya rangi ya dhahabu, iliyochakaa.

"Bandika na hii. Nisipokufa nitapita kuiona."

Nikampa uzi wa buluu, kifundo kimoja. Hakupita.

Njaa ilipokaza, wanga ukawa chakula, na Mama Saidi akauficha unga. Nilikwenda pembezoni mwa mji kukinga ulimbo wa mti wa mpira, nikabandikia huo. Ulimbo hushika milele, ila huipenya karatasi na kuitia manjano kama macho ya mgonjwa.

Wakati huo nilikuwa na karatasi moja ambayo sikutaka kuitia ulimbo. Ilitoka katika shati jeupe la Bwana Selemani, karani wa kivuko, uzi wa kijani wa vifundo vitatu, mtu mpole aliyesalimia mpaka mwenye kubeba maji. Alileta shati lake siku chache kabla ya mapigano kuanza, kisha hakurudi. Karatasi ilikuwa ya kopo la samaki: samaki mwekundu amevaa taji, bahari ya buluu chini yake, na katika jicho lake nuru ndogo nyeupe, kama vile samaki alikuwa amemwona mchoraji. Nyuma palikuwa na maandishi ya mkono. Nilimngoja mwenyewe msimu wa mvua mzima na wa kiangazi mzima. Shati lilichukuliwa na waporaji pamoja na rafu. Karatasi ilikuwa ndani ya kofia yangu. Hatimaye nikaiba kijiko kimoja cha unga katika mtungi wa Mama Saidi, nikauchanganyia pilipili, nikaibandika karatasi.

Alijua kabla sijaosha kijiko. "Baba Saidi. Watoto wamelala na maji mu tumbo, na we unalisha samaki wa karatasi?"

Fatuma, andika hivyo: babu yako aliiba chakula cha baba yako. Mama Saidi alikuwa sahihi, Mungu amrehemu, na sijisifu kwa kijiko kile.

Vita vikapita, sabuni ikarudi. Nilifua miaka mingine mingi, nami nitaipita, kwa kuwa ilikuwa miaka ya mashati tu, na Mungu atujalie mingi kama hiyo. Daftari zikafika kumi na moja.

Nilipotangaza kwamba ninafunga, watu walikuja kutafuta nguo walizosahau. Wengi waliona aibu, wengine walileta nguo mpya, kana kwamba hawakusikia. Siku ya mwisho alikuja mwanamke kijana ambaye sikumfahamu, mwenye mimba kubwa, vumbi la safari miguuni. Alikuwa ametoka Obokote. Fatuma akampa kiti.

"Shikamoo, Muzee. Nimekuja juu ya shati ya baba yangu. Selemani wa kivuko."

"Shati iliibwa wakati wa vita," nikamwambia. "Nisamehe."

"Sina lazima na shati. Niko natafuta karatasi ya mu mufuko."

Akaeleza. Katika ukoo wa baba yake, jina la mtoto halitamkwi kabla mtoto hajalia, hata mama hatajiwi. Bwana Selemani alikuwa amesafiri hadi Kabambare kumwomba mama yake mzazi jina, akaliandika kwenye karatasi aliyoikuta mkononi, akaitia mfukoni. Mapigano yalipoanza alimpakia mkewe mwenye mimba katika mtumbwi aende kwa wazazi wake Obokote, naye abaki kidogo kwenye kivuko. Mtumbwi ulipokuwa ukisukumwa akajipapasa kifua, akapiga kelele, "Jina iko mu shati, shati iko kwa dobi! Nitakuletea!"

"Hakuleta," akasema yule mwanamke. "Mama akaniita Ngoja, mpaka baba afike. Mpaka leo njo jina langu, Ngoja. Mama amekufa mwezi uliopita, akaniambia, nenda kwa dobi kama angali muzima." Akaweka mkono tumboni. "Huyu iko karibu. Nitamupa je jina, na mi mwenyewe sina?"

Nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari la saba. Sikuhitaji kutafuta, kijani, vifundo vitatu. Nikamfungulia. Akamtazama samaki, akatabasamu kwa heshima, akangoja.

"Na maandishi?"

"Yako nyuma."

"Nyuma wapi?"

Ndipo Fatuma akasema kwa sauti ndogo, "Babu, zote umezibandika maandishi uso chini."

Ninajua nilivyozibandika. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kuisikia adabu yangu ikitamkwa na mtu mwingine, na ikasikika kama kosa. Daftari kumi na moja. Mamia ya watu walikuwa wamesema jambo, nami nilikuwa nimewaziba midomo kwa wanga, kwa unyoofu, nikiwashonea uzi mzuri pembeni.

Kisha hofu nyingine ikanijia. Miaka ile nilitumia ulimbo. Nilikumbuka kijiko, lakini kumbukumbu ya mzee si shahidi wa kutosha, na kama ilikuwa ulimbo, karatasi ingechanika na jina lingebaki ndani ya daftari milele. Palikuwa na njia moja ya kujua. Nikaliinua daftari, nikalamba pembeni mwa samaki.

"Babu!" akasema Fatuma.

Nikangoja. Kwanza vumbi. Kisha, polepole, ulimi ukaanza kuwaka. Katika maisha yangu sijapata kushukuru kwa pilipili kama siku ile.

Umeme haukuwepo, ninyi wenye pasi za waya mnajua vizuri kwamba haukuwepo. Nikaitoa pasi yangu ya makaa ndani ya gunia, nikaiwasha. Nilitandika kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa mara mbili, maana kikilowa mno wino hutembea, nikaishusha pasi bila kuilaza, nikiushusha mvuke tu, kama tunavyofanya kwa hariri. Harufu ikapanda, na pilipili ikapanda nayo. Fatuma akakohoa. Ngoja akakohoa akishika tumbo. Mimi nilikohoa mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza nani amekufa, kwa kuwa sote watatu tulikuwa tunabubujika machozi, na yupi alilia kwa pilipili na yupi kwa jambo lingine, hakuna aliyeweza kujua.

Mara nne nilishusha mvuke. Mara ya tano pembe ikaachia. Nikapitisha chini yake ubavu wa wembe uliochakaa, ule wa kufumulia alama, nikamwinua samaki kidogo kidogo kutoka mkiani hadi kwenye taji. Mende mmoja alikuwa amekula upande, kidole kimoja hivi, tangu karatasi ilipokuwa kofiani, kabla ya pilipili. Nikageuza.

Wino ulikuwa wa buluu, mzima, kama uliandikwa asubuhi ile. Nimeosha nguo za wafu wengi. Wafu wote niliowafulia walikuwa kimya. Huyu alikuwa ameketi chini ya samaki wake miaka yote hiyo akiwa na neno mdomoni, karibu na kichwa changu nilipolala, na neno lenyewe halikuchoka wala kupungua. Ninyi mliosoma mmelizoea jambo hili. Mimi nikaketi.

"Soma," nikamwambia Fatuma.

Akasoma, na hapo sauti yake haikuwa ya kuchezea: "Akizaliwa wa kiume, aitwe..." Palikuwa pameliwa. Ngoja akashika ukingo wa meza. "Akizaliwa wa kike, aitwe Feza, jina la mama yangu."

Fatuma akaendelea kuitazama karatasi.

"Kuna mustari mwingine, Babu. Ameandika: mwenye kusoma aite kwa nguvu, mara tatu, mlangoni, kama mimi siko."

Fatuma akamtazama Ngoja. Ngoja akanitazama mimi. Katika banda lile hapakuwa na mwanamume mwingine wa umri wa baba. Nikasimama, nikavaa kofia, nikaenda mlangoni, nikaelekeza uso ndani.

"Feza!"

Akaweka macho chini, kama anayemngojea mwenye jina hilo aitike.

"Feza!"

Akainua uso.

"Feza binti Selemani!"

"Naam, baba," akaitika.